Kutoka ibadani hadi mkutano wa kijiji: Wajibu wa mzazi Mkristo

Wengi hupiga kura, kisha husubiri miaka mitano. Lakini dawa za mtoto, usafiri wa mama mjamzito na choo cha shule hujadiliwa katikati ya miaka hiyo.

Kilwa. Mzazi Mkristo akiulizwa kwa nini hakuonekana kwenye mkutano wa kijiji, huwa na majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba siasa ni mchezo mchafu na mtu wa Mungu hapaswi kujichafua. La pili ni rahisi kutamkwa mahali kama Kiswere, kwenye ghuba iliyo kati ya Kilwa Masoko na mji wa Lindi. Katika pwani hii wakazi wengi ni Waislamu na Wakristo ni wachache, baadhi yao wakiwa walimu, wauguzi na watumishi wengine waliotoka mikoa ya mbali. Hao husema wao ni wapita njia, leo wapo, kesho watahamishwa.

Majibu yote mawili yana sura ya unyenyekevu. Lakini mtoto wa mpita njia naye hupata homa usiku wa manane. Mke wa mpita njia naye hushikwa na uchungu wa kujifungua, na dawa atakayohitaji ni ile ile iliyopo, au isiyokuwepo, kwenye kabati la zahanati anayotumia pamoja na majirani zake wote.

Ndiyo maana suala la Mkristo na siasa, ambalo mara nyingi huzungumzwa kwa kutazama Dodoma na majukwaa ya kampeni, lina sura nyingine kabisa likitazamwa kutoka kijijini. Huko siasa ni nani atauliza dawa zimekwenda wapi, na nani atakubali kukaa kwenye kamati isiyo na mshahara ili dawa hizo zisikosekane tena.

Dawa inayohitaji friji

Chukua mfano mmoja tu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama duniani. Dawa ya kwanza inayotumika kuzuia hali hiyo ni oksitosini, sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapozaliwa. Dawa hii inatakiwa kuhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto kwa muda mrefu hupungua nguvu, na kwa macho huwezi kutambua kwamba imeharibika.

Maana yake ni kwamba uhai wa mama anayejifungulia zahanati unategemea, pamoja na ujuzi wa mkunga, friji inayofanya kazi na umeme au sola ya kuiendesha. Unategemea pia mtu aliyekumbuka kuweka fedha za matengenezo kwenye bajeti ya mwaka. Hali ikizidi uwezo wa zahanati, uhai wake unategemea usafiri wa kumfikisha hospitali ya wilaya ya Kinyonga, iliyopo Kilwa Kivinje, au hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi. Mama anayevuja damu hana siku nzima ya kusubiri.

Kwa upande huu nchi imepiga hatua. Utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka vifo 556 katika utafiti wa 2015/16. Kuna pia mfumo wa m-mama, unaomwezesha mjamzito au mzazi mwenye dharura kupiga namba 115 bila malipo na kupatiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa.

Lakini wastani wa taifa hautengenezi friji ya kijiji. Wala namba ya simu haimsaidii mama ambaye mume wake hajawahi kuisikia. Wakazi wa kusini wanakumbuka Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika Wilaya ya Kilwa, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Wakati kama huo, kijiji huishi kwa kile kilichopangwa mapema na watu wake wenyewe.

Nani anaamua?

Wazazi wengi hudhani mambo haya huamuliwa wilayani au wizarani peke yake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inasema vingine. Kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Huhitaji kadi ya chama kuhudhuria, wala kuwa mzaliwa wa hapo. Mwalimu aliyeripoti mwaka jana akitokea Songea ana haki ya kuinua mkono sawa na mvuvi ambaye babu yake alizikwa hapo.

Mkutano huo ndio unaosomewa mapato na matumizi ya kijiji. Chini yake kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, ambao angalau robo yao wanatakiwa kuwa wanawake. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa. Mtendaji wa kijiji yeye ni mwajiriwa, na kazi yake inahojiwa na wananchi hao hao.

Zahanati nayo ina kamati yake ya usimamizi. Wajumbe wake wengi hutoka kwa wananchi na mganga mfawidhi huwa katibu. Kamati hiyo imepata uzito zaidi tangu mwaka wa fedha 2017/18, serikali ilipoanza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kupitia mikono mingi. Fedha zikifika, kituo kinatakiwa kuwa na mpango, na kamati inatakiwa kuujadili na kuupitisha. Kama wajumbe hawafiki, au wanasaini bila kusoma, ulinzi uliowekwa na utaratibu huo unabaki kwenye karatasi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi na katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na ustawi wake. Ibara hiyo haiishii siku ya kupiga kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024 na hufanyika kila baada ya miaka mitano. Kwa hesabu ya mkutano mmoja kila miezi mitatu, kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuna mikutano mikuu 20 ya kijiji. Aliyepiga kura akakosa yote 20 ametimiza sehemu ndogo ya wajibu wake.

Barua kwa watu waliokuwa ugenini

Je, Biblia inamwambia nini anayejiona mgeni? Jibu la wazi lipo katika kitabu cha Yeremia, sura ya 29. Wayahudi walikuwa wamechukuliwa mateka hadi Babeli, mji ambao haukuwa wao, wenye imani isiyo yao. Walikuwapo manabii waliowaambia wasihangaike kwa sababu wangerudi nyumbani karibuni. Yeremia akawaandikia kinyume chake: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, wautafutie mji huo amani na kuuombea, kwa kuwa amani yao wenyewe imo ndani ya amani ya mji huo.

Barua hiyo haikuwataka waubadili mji kwanza ndipo wauhudumie, wala haikusema wajijengee mtaa wao na kujali watu wao tu. Kwa familia ya Kikristo iliyopo Kiswere, Mandawa au Kilwa Masoko, hapo pana jibu la kisingizio cha upita njia. Ukikaa mahali miaka miwili, kwa miaka hiyo miwili zahanati ya hapo ni yako.

Habari nyingine ipo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la kwanza lilipata malalamiko: wajane wa kundi moja walikuwa wanasahaulika katika mgawo wa chakula wa kila siku. Mitume hawakusema hayo ni mambo ya dunia. Waliita mkutano, wakawataka watu wachague wenzao saba wenye sifa njema na hekima wasimamie mgawo huo. Kwa lugha ya leo, ile ilikuwa kamati ya usimamizi, iliyochaguliwa mbele ya watu, kwa ajili ya chakula cha wajane.

Wazazi wanaweza pia kuirudia Mithali 31. Sura hiyo hufahamika zaidi kwa sifa za mke mwema na husomwa sana kwenye harusi. Lakini inaanza na mama anayemfundisha mwanawe, ambaye ni mfalme, asilewe madaraka wala pombe, awasemee wasioweza kujisemea na awatetee maskini. Kwa hiyo somo la uongozi katika sura hiyo limetolewa na mzazi nyumbani.

Kusini kuna kumbukumbu hiyo

Jambo hili halikuletwa na wanaharakati wa siku hizi. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19, na njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa ziliishia pwani hii. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliteremka Lindi akiwa na watu walioachiwa huru kutoka utumwani, aliotoka nao Zanzibar, wakaenda kuanzisha makazi Masasi. Hivyo miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa kusini walikuwamo watu waliowahi kununuliwa na kuuzwa, wasiokuwa na sauti mbele ya mamlaka yoyote.

Miaka mingi baadaye, kati ya 1960 na 1968, Dayosisi ya Anglikana ya Masasi iliongozwa na Askofu Trevor Huddleston. Alikuwa amejulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, ambako alifanya kazi ya upadri Sophiatown na kuona familia za waumini wake zikihamishwa kwa nguvu. Kwake, kumhudumia muumini na kunyamazia sheria inayomvunjia nyumba vilikuwa vitu visivyokaa pamoja.

Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa akihudhuria misa mara kwa mara, alilisema hilo mbele ya masista wa Maryknoll, New York, Oktoba 1970. Hoja yake ilikuwa kwamba Kanisa likibaki kuhubiri subira kwa maskini bila kushiriki kuondoa yale yanayowafanya kuwa maskini, watu wataliona ni mshirika wa wanaowakandamiza.

Kanisa pia limeshirikiana na serikali kwa mikono. Mwaka 1992 makanisa na serikali walitia saini makubaliano kuhusu huduma za jamii, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, inayoratibu shule na hospitali za makanisa. Mkoani Lindi, hospitali za misheni kama Nyangao na ile ya Kipatimu wilayani Kilwa zimetibu watu wa dini zote. Na pale viongozi wa Kanisa walipoona pa kusema, walisema: mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki na wale wa KKKT, kila upande kwa ujumbe wake, waligusia hali ya siasa na uhuru wa wananchi. Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kuhusu mkataba wa bandari. Wapo walioafiki na wapo waliokasirika. Hata hivyo muumini hapaswi kudhani kwamba tamko la askofu limemaliza kazi yake. Askofu hawezi kuhudhuria mkutano wa kijiji kwa niaba ya mtu.

Mpaka uko wapi?

Hofu ya kuchanganya dini na siasa ina msingi, na haifai kupuuzwa. Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na sheria hairuhusu chama cha siasa kujengwa juu ya dini. Kanisa kumnadi mgombea madhabahuni ni kuwagawa waumini ambao wana haki ya kutofautiana. Mgombea kuja na bahasha ya sadaka wiki moja kabla ya kura, naye akapewa kipaza sauti, ni jambo ambalo baraza la wazee wa kanisa linapaswa kulikataa hata kama paa linavuja.

Lakini kutenga Kanisa na dola hakumwondoi Mkristo katika uraia. Yesu alipoulizwa kuhusu kodi aliagiza ya Kaisari apewe Kaisari na ya Mungu apewe Mungu. Mtu aliyelipa ushuru wa ufuta au korosho zake ameshatoa sehemu ya kwanza. Kuuliza ushuru huo umefanya nini ni kuendelea na jambo lile lile. Tena katika nchi ambayo mamlaka yanatoka kwa wananchi, raia ana haki yake kwa Kaisari na pia ana jukumu la kumsimamia.

Anayetaka kwenda mbali zaidi akagombea uenyekiti wa kijiji au kitongoji ajue kwamba kwa utaratibu uliopo lazima awe na miaka 21 na zaidi na apitishwe na chama cha siasa. Kujiunga na chama si dhambi. Mkristo anapimwa kwa anachokubali kufanya akiwa ndani yake. Mtumishi wa umma ana miiko yake, hawezi kufanya siasa za chama kazini. Lakini kamati ya shule na kamati ya zahanati hazihitaji kadi ya chama, na mkutano mkuu wa kijiji uko wazi kwa kila mkazi mtu mzima.

Pamoja na jirani

Katika pwani ya Kilwa, Mkristo hawezi kufanya kazi hii peke yake, na hana sababu ya kutaka hivyo. Friji ya zahanati ikitengenezwa, mama wa kwanza kuokolewa anaweza kuwa Mwislamu. Kama Mkristo ameingia kwenye kamati ili kuhesabu nani wa dini gani amepata nini, heri angebaki nyumbani, kwa sababu kijiji kitagawanyika na dawa hazitaongezeka.

Ushirikiano huo una taratibu zake. Usipange mkutano au kazi ya kujitolea saa ya swala ya Ijumaa, kama ambavyo ungependa usipangiwe Jumapili asubuhi. Mwezi wa Ramadhani fikiria saa za watu kufuturu. Ukiwa na hoja nzito, mwone kwanza mzee anayesikilizwa na imamu wa msikiti, uwaeleze, kabla hujaisema hadharani. Kiongozi wa mtaa anapewa heshima yake kwa shikamoo hata pale unapokuja kumuuliza maswali magumu. Swali kuhusu fedha likiulizwa kwa adabu na wazazi wa dini mbili kwa pamoja, hakuna atakayeweza kulisukuma pembeni kwa kusema ni fitina ya kidini.

Wiki hii nyumbani

Wajibu huu huanza na hatua ndogo ambazo familia yoyote inaweza kuzichukua.

Kwanza, ulizia kwa balozi, mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kijiji, na uiandike pale familia inapoweka ratiba ya ibada. Baba na mama wagawane zamu ya kubaki na watoto, ili asiwe baba peke yake anayekwenda kila mara. Mara nyingi mama ndiye anayekaa foleni ya kliniki, hivyo ndiye anayejua kilichopungua.

Pili, uwe na maswali matatu mkononi. Wajumbe wa kamati ya zahanati ni akina nani na walikutana lini mara ya mwisho? Kituo kilipokea fedha kiasi gani na zimetumika kwa nini? Je, mapato na matumizi yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo? Uliza, andika majibu, na mkutano unaofuata uliza yaliyotekelezwa. Kama mganga mfawidhi ana hoja ya upungufu wa watumishi, msikilize pia, maana huenda anabeba mzigo ambao kijiji hakijawahi kuusemea wilayani.

Tatu, hakikisha kila mtu mzima ndani ya nyumba anaijua namba 115, na kwamba familia yenye mjamzito imeshakubaliana nani atamsindikiza na nani atabaki na watoto. Mtangaze jambo hilo kanisani na mwombe jirani alifikishe msikitini.

Nne, mkiombea viongozi kwenye sala ya jioni, watajeni walio karibu pia: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mkunga wa zahanati, mwalimu mkuu. Mtoto anayesikia majina hayo kila jioni atajua kwamba uongozi ni watu anaokutana nao njiani, wanaohitaji kuombewa na pia kuulizwa.

Nafasi ikitokea kwenye kamati na watu wakakutaja jina, usikimbilie kusema huna muda. Kamati hizo hazina posho ya kutamanisha. Vikao vinaweza kuwa virefu na lawama zikawa nyingi. Wale saba wa Matendo ya Mitume nao walipewa kazi ya kugawa chakula kwa watu waliokuwa wameshakasirika.